Chenso ya umeme ikisumbua: anzia ukutani, malizia kwenye cheni

Chenso (misumeno ya cheni) nyingi za umeme zinazofikishwa kwa fundi zikidaiwa "zimekufa" huwa na mota nzima. Kilichokufa ni ekstensheni, au fyuzi, au ngao ya mkono imesukumwa mbele na mwenye mashine hajui kwamba ngao hiyo ni swichi. Na zile ambazo mota imeungua kweli, mara nyingi ziliunguzwa na mkono uliokuwa unakandamiza cheni butu kwa umeme dhaifu. Kwa hiyo ukaguzi wote ulio hapa chini unafuata njia ya umeme wenyewe: ukutani, waya, swichi, mota, kisha cheni. Usianze kwa kufungua mota kwa sababu tu bisibisi iko karibu.

Mashine inayozungumziwa ni ile ya nyumbani, ya waya, yenye wati 1,600 hadi 2,400 na baa (kile chuma kirefu bapa ambacho cheni inakizunguka) ya inchi 14 au 16. Kwa umeme wa volti 230 inavuta takriban ampea 7 hadi 10. Zile ndogo za betri zina sehemu yake karibu na mwisho.

Sharti moja halina msamaha: kabla ya kugusa cheni, baa au kifuniko cha pembeni, chomoa plagi na uiweke mahali unapoiona. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Mtoto au jirani anaweza kuiwasha akidhani anakusaidia. Vaa glavu hata mashine ikiwa haina umeme, maana meno ya cheni mpya yanakata kwa kuguswa tu.

Haiwaki kabisa

Fuata mpangilio huu, usiruke.

1. Ngao ya mbele. Ile ngao iliyo mbele ya mpini wa juu ni breki ya cheni. Ikiwa imesukumwa upande wa baa, chenso nyingi za umeme hukata umeme wa mota moja kwa moja. Ivute kuelekea kwako mpaka usikie mlio wa "tak". Hii ndiyo sababu inayoongoza, hasa kwa mashine mpya iliyotolewa kwenye boksi na kwa mashine iliyobebwa kwenye buti la gari.

2. Kitufe cha usalama. Lazima kibonyezwe kwanza kwa kidole gumba, ndipo triga ivutwe. Ukivuta triga kwanza, kitufe hugoma. Maranda yaliyojaa chini ya kitufe nayo huyafanya yote mawili yagome. Yatoe kwa brashi kavu.

3. Soketi. Chomeka pasi au birika la umeme kwenye soketi hiyohiyo. Chaja ya simu haikupi jibu, kwa sababu inavuta umeme kidogo mno. Soketi iliyolegea inaweza kuchaji simu vizuri na bado ishindwe kubeba ampea 9.

4. Fyuzi ya plagi. Plagi ya pini tatu bapa ina fyuzi ndani, na kwa chenso iwe ya ampea 13. Badilisha kwa fyuzi nzima ya aina hiyo. Kipande cha waya au karatasi ya sigara badala ya fyuzi kitaiwasha mashine, ni kweli, ila siku waya utakapogusana hakutakuwa na kitu cha kukata umeme kabla ya moto.

5. Ekstensheni. Chomeka chenso moja kwa moja ukutani. Ikiwaka, tatizo ni waya wa nje. Kagua penye plagi na penye kichwa cha soketi. Waya hukatikia hapo kwa sababu hapo ndipo unapovutwa.

6. Waya wa mashine yenyewe. Vuta triga huku mtu mwingine akiutingisha taratibu waya pale unapoingia kwenye mpini, cheni ikiwa mbali na kila kitu. Ikigutuka na kuzima, waya umekatika kwa ndani. Usiufunge kwa utepe. Ukatwe, uunganishwe upya kwenye swichi ndani ya mpini, na fundi ahakikishe kishikio cha waya kimebana ili mvuto usifike kwenye nyuzi.

7. Kinga ya joto. Kama mashine ilizima yenyewe katikati ya kazi na ina joto, iache kivulini dakika 15 hadi 20. Mashine nyingine zina kitufe kidogo cha kubonyeza ili zirudi. Kama haina, subira ndiyo dawa.

Yote haya yakiwa sawa na bado kimya, yanabaki mambo matatu: kaboni (vipande vidogo vinavyosugua na kupeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka) zimeisha, swichi ya triga imeungua, au koili imekatika. La kwanza unaweza kuliangalia mwenyewe, maelezo yako kwenye sehemu ya cheche. Mawili ya mwisho ni ya fundi mwenye multimita, kile kifaa cha kupima umeme.

Kuna hali nyingine inayoonekana kama hii lakini mwisho wake ni mbaya zaidi: mashine ya mtumba. Chenso iliyotoka Japani imetengenezwa kwa volti 100, na ya Marekani kwa volti 120. Ukiichomeka kwenye volti 230 inawaka kwa kasi ya ajabu, sekunde chache, kisha moshi. Soma kibandiko kabla ya kununua, siyo baada. Transfoma ya kushusha umeme inafanya kazi, lakini iwe ya wati zinazozidi za mashine kwa nafasi ya kutosha: kwa chenso ya wati 1,500 usichukue iliyo chini ya 2,500. Vile vitransfoma vya redio vitaungua kabla ya tawi la kwanza kukatika.

Inawaka, lakini haina nguvu. Ikigusa mti inazima

Hapa ndipo mota nyingi zinapofia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Sababu ya kwanza ni ekstensheni nyembamba. Ekstensheni za bei nafuu zina waya wa milimita za mraba 0.75 au hata pungufu, umefichwa ndani ya plastiki nene inayodanganya macho. Hebu tupige hesabu: mita 25 za waya wa 0.75, mashine ikivuta ampea 9, hupoteza karibu volti 10 njiani. Waya wa 1.5 kwa umbali huohuo hupoteza kama volti 5. Volti 10 peke yake haziui mashine, lakini mara nyingi umeme wa mtaani tayari umeshuka, hasa jioni watu wakipika, na waya wenyewe unachemka.

Mota ya chenso ina feni iliyofungwa kwenye mhimili wake. Umeme ukipungua, mota inazunguka polepole, na hewa ya kuipoza nayo inapungua. Wewe unaona haikati, unakandamiza. Mota inavuta ampea zaidi na kupozwa kidogo. Joto linapanda, vanishi ya koili inayeyuka, na harufu unayoisikia ni pesa yako.

Vipimo vya kufuata:

- mpaka mita 25: waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5;
- mita 25 hadi 50: milimita za mraba 2.5;
- zaidi ya mita 50: usifanye. Tafuta soketi ya karibu au tumia mashine ya petroli.

Namba hizo huandikwa kwenye ngozi ya waya wenyewe, kwa mfano 3×1.5. Kama hakuna maandishi yoyote, chukulia ni mwembamba. Ekstensheni ya kuviringisha kwenye gurudumu ifunguliwe yote hadi mwisho, hata kama unahitaji mita tano tu. Ikibaki imeviringwa na kubeba ampea 9, joto halina pa kutokea na plastiki huyeyuka ndani kwa ndani.

Sababu ya pili ni plagi. Chenso nyingi huja na plagi ya Ulaya yenye pini mbili za mviringo. Sote tunajua kinachofuata: kalamu au kijiti kinaingizwa kwenye tundu la juu la soketi ili plagi iingie kwa nguvu. Inaingia, lakini imelegea, inapiga cheche ndani ya soketi, inachemka, na haina fyuzi. Kwa redio watu wamezoea. Kwa mashine ya wati 2,000, soketi itageuka rangi kuwa ya kahawia. Kata plagi hiyo, weka ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13. Waya wa chenso kwa kawaida una nyaya mbili tu, kwa sababu mashine ina ngozi mbili za kuzuia umeme (tazama alama ya mraba ndani ya mraba kwenye kibandiko). Pini ya ardhi itabaki tupu na hiyo si kasoro.

Sababu ya tatu, umeme wa mtaani wenyewe. Pima kwa multimita kwenye soketi wakati mashine inakata. Ikisoma chini ya volti 205 hivi, ahirisha kazi hadi asubuhi. Jenereta ndogo ya wati 900, ile inayobebwa kwa mkono mmoja, haitaiwasha chenso ya wati 2,000. Tafuta ya kilowati 3 au zaidi. Inveta ndogo ya sola ni hadithi ileile.

Kama umeme ni mzuri na bado inazima, rudi kwenye cheni: imekazwa kupita kiasi, haina oili, au ni butu. Jaribu kuisukuma kwa mkono wenye glavu (plagi imechomolewa, breki imeachiwa). Inatakiwa itembee juu ya baa bila kung'ang'ania. Isipotembea, mota inapoteza nguvu zake kabla haijafika kwenye mti.

Simama: waya ukiwa wa moto kiasi cha kushindwa kuushika, soketi ikinuka, au sakiti breka ikiruka mara mbili mfululizo. Hapo ni fundi umeme wa nyumba, na chenso isubiri.

Mota inalia, cheni haizunguki

Mara nyingi kipande cha gome kimebana kati ya cheni na kifuniko cha pembeni. Chomoa, fungua kifuniko, safisha, rudisha. Kama ni safi, angalia sproketi, lile gurudumu dogo lenye meno linalovuta cheni: klipu inayolishikilia huweza kuchomoka, sproketi ikabaki inacheza kwenye mhimili. Klipu mpya ni kitu kidogo, lakini iwe ya kipimo chake. Usifunge kwa waya wa binding.

Mlio wa kusaga, kama kokoto ndani ya kopo, maana yake gia imeliwa. Kwenye mashine za bei nafuu gia ni ya plastiki ngumu na hufa pale cheni inaposhikwa ghafla ndani ya mti. Inabadilishwa, ila mashine lazima ipasuliwe na grisi iwekwe upya. Kabla ya kukubali bei ya fundi, linganisha na bei ya mashine mpya. Kwa zile zisizo na jina, vipuri vyake havipatikani.

Haikati, inatoa unga na moshi

Cheni yenye makali hutoa maranda, vipande vinavyoonekana kwa macho. Cheni butu hutoa unga. Hicho ndicho kipimo rahisi kuliko vyote, na hukihitaji chombo. Ukilazimika kukandamiza ili mashine ikate, umeshachelewa kunoa.

Ila kabla ya kuchukua tupa, hakikisha cheni haijafungwa kinyumenyume. Inatokea sana baada ya kubadilisha cheni. Juu ya baa, ncha kali za meno zinatakiwa zitazame mbele, kuelekea ncha ya baa. Zikitazama kwako, mashine itachoma mti bila kuukata.

Kinachofanya cheni iwe butu mapema ni uchafu kuliko mti. Udongo wa mchwa uliopanda kwenye shina ni mchanga mtupu; ukwangue kwa panga kabla ya kukata. Kugusa ardhi kwa ncha ya baa kwa sekunde moja kunatosha kumaliza makali yote, kwa hiyo gogo lililolala liinuliwe juu ya vipande viwili vya mti. Misumari ya zamani, waya wa kuanikia nguo uliomezwa na gome, bango lililopigiliwa: chunguza shina la mti wa uani kwa macho na kwa vidole. Mnazi nao hula cheni kwa kasi, maana sehemu yake ya nje ni ngumu na ina chembechembe za silika. Mvule mkubwa huweza kuwa na jiwe la chokaa ndani yake. Ukiona cheche ndani ya mkato usiwe na msumari wa kulaumu, ni hilo.

Kunoa, kwa cheni ya nyumbani ya 3/8 ndogo (iliyo kwenye chenso nyingi za inchi 14 na 16; namba hiyo ni hatua ya cheni, yaani nafasi ya viungo vyake kwa inchi):

1. Tumia tupa ya mviringo ya milimita 4.0. Cheni ya .325 inataka 4.8. Tupa isiyo ya kipimo chake inaharibu umbo la jino, na hilo halirekebishiki.
2. Bana baa kwenye jiliwa, au kwenye kisiki kilichopasuliwa. Kaza cheni kidogo zaidi ya kawaida ili meno yasiyumbe.
3. Tafuta jino fupi kuliko yote. Hilo ndilo kiongozi. Mengine yote yafupishwe yalingane nalo.
4. Weka tupa kwa pembe ya nyuzi 30. Meno mengi yana mstari mdogo juu unaoonyesha pembe hiyo. Sehemu ya tano ya unene wa tupa ibaki juu ya jino.
5. Sukuma kutoka ndani kwenda nje, inua, rudi. Usiburute tupa kurudi nyuma; unaua tupa na jino pamoja. Misukumo miwili au mitatu, idadi ileile kwa kila jino.
6. Maliza meno ya upande mmoja, kisha geuka upande wa pili. Mkono mmoja huwa na nguvu kuliko mwingine, kwa hiyo upande dhaifu uongeze msukumo mmoja kama urefu haulingani.

Mbele ya kila jino kuna kinundu kinachoamua jino liingie kina gani kwenye mti. Baada ya kunoa mara tatu au nne, kinundu kinakuwa juu mno, na cheni kali inateleza bila kuuma. Kishushe kwa tupa bapa hadi kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65, ukitumia kipimo cha bati kinachouzwa pamoja na tupa. Usikadirie kwa jicho. Kinundu kilichoshushwa kupita kiasi huifanya cheni iume kwa pupa, mota ikazima au mashine ikapiga teke, yaani baa ikaruka ghafla kurudi kwako.

Mkato ukipinda kushoto au kulia, meno ya upande mmoja ni mafupi au butu kuliko mengine, aghalabu baada ya kugonga msumari. Ukinoa vizuri na bado unapinda, tatizo ni baa: kingo zake zimeliwa bila kulingana. Simamisha baa kwenye kioo au meza iliyonyooka. Ikilala upande mmoja, ifutwe kwa tupa bapa au ibadilishwe. Ili ilike sawasawa, igeuze juu chini kila unaponoa. Ni kazi ya dakika mbili ambayo karibu hakuna anayeifanya.

Jino likibaki na urefu wa milimita 4 hivi, au likifika kwenye alama yake ya mwisho, cheni hiyo imemaliza kazi. Jino lililopasuka au kiungo kilichopinda: usinoe, itupe cheni hiyo.

Cheni inalegea au inaruka kutoka kwenye baa

Cheni mpya hurefuka saa za mwanzo. Ikaguliwe kila baada ya mikato michache, na hiyo si dalili ya ubovu. Kaza hivi: chomoa plagi, legeza nati za kifuniko, inua ncha ya baa kwa mkono na uishikilie hapo, geuza skrubu ya kukazia mpaka cheni iguse chini ya baa, kisha kaza nati ncha ikiwa bado imeinuliwa. Ukisahau kuinua ncha, cheni italegea kwenye mkato wa kwanza.

Kipimo: shika cheni katikati ya baa uivute. Ifunguke milimita 3 hadi 4, na vile vilimi vya chini vinavyotembea ndani ya mfereji wa baa visitoke kabisa.

Cheni iliyokazwa ikiwa ya moto hujikaza zaidi ikipoa, na huweza kupinda mhimili usiku ukiwa umelala. Ukimaliza kazi, ilegeze.

Ikiwa skrubu imefika mwisho na cheni bado inaning'inia, cheni imerefuka kupita kipimo au si saizi ya baa hiyo. Ikiruka mara kwa mara ilhali imekazwa sawa, chunguza sproketi: michirizi ya kina cha nusu milimita inatosha kuihukumu. Kwa desturi sproketi moja huenda na cheni mbili. Sproketi mbovu huiharibu cheni mpya kwa siku moja, kwa hiyo usibane matumizi hapa.

Cheni ni kavu, baa inakuwa nyeusi au ya bluu

Jaribio: jaza oili, washa mashine, elekeza ncha ya baa kwenye boksi la kadibodi kwa umbali wa shubiri moja, subiri sekunde 20 hadi 30. Mstari wa oili uonekane. Usipoonekana, kagua kwa mpangilio huu: tangi tupu, mfereji wa baa umejaa uchafu (upitishe kipande cha bati chembamba), tundu la oili kwenye baa limeziba, tundu kwenye mwili wa mashine limeziba, kichujio ndani ya tangi, na tundu la hewa kwenye mfuniko wa tangi. La mwisho husahaulika. Ukilegeza mfuniko kidogo na oili ikaanza kutoka, umelipata. Pampu yenyewe ni ya kushukiwa mwisho kabisa.

Oili chafu ya gari, ile nyeusi kutoka gereji, isiingie humu. Ina vumbi la chuma linalosaga pampu na baa, na inarushwa mpaka usoni na mikononi mwako. Si kitu cha kuweka kwenye ngozi. Oili maalumu ya baa ndiyo bora kwa sababu inanata. Ikikosekana, oili mpya ya SAE 30 inafaa. Mafuta ya kupikia yanalainisha vizuri siku ya kazi, lakini yakiachwa wiki kadhaa hugeuka gundi. Ukiyatumia, yamwage yote na uendeshe oili ya kawaida dakika moja kabla ya kuhifadhi.

Tangi la kawaida huisha kwa dakika 15 hadi 25 za kukata. Ukiona halipungui, usifurahi.

Na kinyume chake: mashine ikivuja oili ikiwa rafuni, matone machache ni ya kawaida kwa karibu kila chenso. Mwaga tangi kabla ya kuhifadhi. Dimbwi kubwa ni mpasuko wa tangi au mpira wa bomba umechoka.

Cheche na harufu ya kuungua

Cheche ndogo za bluu unazoziona kupitia matundu ya hewa ni kawaida. Ni kaboni zinasugua kwenye amecha, sehemu ya mota inayozunguka. Duara la moto wa manjano linalozunguka si kawaida.

Kwanza puliza matundu ya hewa. Yakiziba maranda, mota haipumui. Kisha kaboni. Kwenye baadhi ya mashine ziko chini ya vifuniko viwili vya plastiki, kimoja kila upande, vinavyofunguliwa kwa bisibisi bapa. Zitoe, kumbuka upande zilivyokaa, pima. Zikiwa chini ya milimita 5, au spring imelegea, badilisha zote mbili, siyo moja. Upana na unene viwe vilevile. Kaboni kubwa iliyosuguliwa kwa msasa ili iingie hunasa ndani ya kishikio chake. Baada ya hapo endesha mashine bila kukata kwa dakika chache ili kaboni zikae. Kama hakuna vifuniko vya nje, mwili lazima ufunguliwe, na hiyo ni kazi ya fundi.

Kaboni mpya zikiendelea kutoa moto, amecha imeharibika. Harufu ya vanishi pamoja na moshi ni koili. Zima, chomoa, usijaribu tena "kuona kama itaendelea".

Inapiga teke

Teke ni pale baa inaporuka ghafla kurudi kwako. Linatokea robo ya juu ya ncha ya baa inapogusa kitu: tawi la nyuma, ukuta, gogo la pili. Halikupi muda wa kufikiri. Sababu nyingine ni mkato kufumba na kubana cheni, vinundu vilivyoshushwa mno, na cheni butu inayorukaruka. Mti ulioegemea pande mbili ukatwe kuanzia juu theluthi moja, kisha chini. Ulioning'inia upande mmoja uanzie chini.

Shika mipini yote miwili, kidole gumba kikiuzunguka mpini wa mbele. Simama kidogo kushoto kwa mashine, kichwa kisiwe kwenye mstari wa baa. Kamwe usikate juu ya mabega, juu ya ngazi, au ukiwa mtini na chenso ya waya. Waya upite begani, nyuma yako. Viatu vya kufunika na miwani ya kukinga macho. Kandambili, kikoi na shuka la kujifunga viache ndani.

Jaribu breki kila siku ya kazi: mashine ikizunguka hewani, sukuma ngao mbele kwa kifundo cha mkono. Cheni isimame papo hapo. Ikiendelea kuzunguka, au kama ukiachia triga cheni inachukua muda mrefu kuliko ilivyozoea, mashine haifai kutumika mpaka breki itengenezwe. Hii si ya kujaribu nyumbani.

Inakupiga shoti, hata kidogo tu

Acha hapohapo. Usishike tena, usikaushe juani na kujaribu. Chomoa kutoka ukutani, peleka kwa fundi. Usitumie chenso ya waya kwenye mvua au majani yenye umande wa asubuhi, na soketi ya nje iwe na kinga ya kukata umeme unaovuja ya milliampea 30. Waya ukikatwa na cheni, chomoa ukutani kwanza ndipo uuokote.

Mti uliogusa au kukaribia nyaya za barabarani usiukate wewe, kwa mashine yoyote ile. Ita TANESCO au Kenya Power wakate umeme kwanza.

Zile ndogo za betri

Usiamini namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Betri yenye seli tano za lithiamu ina volti 18 za kawaida na 21 ikijaa, hata kama kibandiko kinasema 48 au 88. Inazima baada ya mkato mmoja? Aghalabu ni betri kujikinga: baa ndogo imelazimishwa kukata tawi nene. Baa ya inchi 6 ni ya matawi ya sentimita 10 hivi. Haichaji? Iache ipoe kwanza, kisha safisha vyuma vya kugusana kwa kitambaa kikavu. Nyingi hazina pampu ya oili. Dondoshea matone kwenye cheni kila baada ya dakika chache. Betri iliyovimba isichajiwe tena wala kutobolewa.

Unaponunua cheni au baa

Muuzaji anahitaji namba tatu: hatua ya cheni (3/8 au .325), unene wa vilimi vya chini (mara nyingi inchi .050, yaani milimita 1.3, au .043, yaani 1.1), na idadi ya vilimi hivyo. Mbili za kwanza hupigwa chapa kwenye mkia wa baa, chini ya kifuniko. Idadi nayo wakati mwingine iko hapo. Isipokuwepo, ihesabu kwenye cheni. Urefu kwa inchi peke yake hautoshi, kwa sababu baa mbili za inchi 16 zinaweza kutaka vilimi 56 na 57. Kama chapa imefutika, beba cheni ya zamani na baa yake mpaka kaunta, uzilinganishe kilimi kwa kilimi kabla ya kulipa.